Sokoni na Ngomani: Utangulizi kwa Mtafiti Anayeanza Kusini mwa Maniema

Huenda umefika hapa ukitokea upande mmoja kati ya pande mbili. Wapo waliosomea biashara au takwimu. Wanajua kuandaa dodoso na kupanga majedwali, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kuwauliza wimbo unaovuma gengeni unamuuzia nani kitu gani. Wapo pia waliokulia kwenye ngoma, dufu au gitaa; wanajua ni mdundo gani utawainua akina mama vitini, lakini neno "sampuli" likitajwa hudhani ni mambo ya maabara. Taaluma tunayoitambulisha hapa inawahitaji wote wawili, na inawataka waazimane zana. Inachunguza watu wa lugha, dini na asili mbalimbali wanathamini nini, na swali hilo inaliuliza mara mbili: mahali wanaponunua na mahali wanapocheza.

Tutafundishia Kasongo na Kabambare, wilaya mbili za kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo. Wengi wangetarajia Nairobi au Kinshasa, kwenye ofisi za matangazo na studio za kurekodia. Lakini palipo na ofisi nyingi mtafiti hujidanganya kwamba soko ni zile ofisi. Kusini mwa Maniema hakuna pazia hilo. Muuzaji na mnunuzi, mwimbaji na anayemtuza, huonana uso kwa uso.

Hoja itakayoongoza utangulizi huu ni moja. Watu hueleza thamani ya kitu kwa mdomo, kisha huionyesha kwa pesa na kwa miguu, na maelezo hayo hayalingani kila mara. Mtafiti aliyejifunza kusoma soko na ngoma kwa pamoja ndiye anayeweza kuiona tofauti hiyo na kuifanyia kazi.

Watu na njia

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika kwenda mto Lualaba. Pembe za ndovu na watu waliotekwa walipelekwa mashariki. Nguo, bunduki na shanga zikaletwa magharibi. Majeshi ya Dola Huru la Kongo yaliiteka Nyangwe, mji wa soko kando ya Lualaba, Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka huohuo. Utawala wa wafanyabiashara wa pwani ukaisha, lakini Kiswahili walichokileta kilibaki, Uislamu ukabaki, na mpunga ukaendelea kulimwa hata ukawa zao kuu la eneo hilo.

Chini ya tabaka hilo la pwani wapo wenyeji wenye lugha zao: Wazimba, Wakusu, Wabangubangu, Wazula, Wabuyu na wengineo. Wamisionari wa Kikatoliki walijenga parokia na shule, na Kasongo ikawa jimbo la kanisa mwaka 1959. Upande wa Kabambare, dhahabu ya Salamabila imevuta wachimbaji wadogo na wachuuzi kutoka Kivu na Katanga. Mgodi wa Namoya, ulio hapohapo Salamabila, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, na tangu hapo eneo hilo limeonja pesa za mishahara na pia mapigano ya makundi yenye silaha.

Kwa hiyo mama mmoja wa Kasongo anaweza kuongea Kizimba na mama yake, Kiswahili sokoni, Kifaransa kidogo na mwalimu wa mwanawe, na kuimba Kilingala anapofuatisha rumba ya redio. Ukimhesabu kama "Mzimba" tu, au "Mwislamu" tu, au "mwanamke wa miaka 30 hadi 39" tu, utakuwa umemkata vipande. Utafiti wa masoko katika jamii mchanganyiko unaanza hapo: kujua mtu anatumia kipande kipi cha nafsi yake anapofanya uamuzi fulani. Muziki husaidia kuliona hilo upesi, kwa kuwa mtu hachezi rumba, kaswida na ngoma ya ukoo kwa nafsi ileile.

Shanga zilizokwama njiani

Usidhani utafiti wa masoko ulikuja na kompyuta. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1858, aliandika kwamba shanga zilizoingizwa bara zilikuwa na aina zipatazo 400, kila moja na jina lake, bei yake na mahali ilipopendwa. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akijiandaa Unguja mwaka 1871 kwa safari ya bara, aligundua kwamba uchaguzi wa shanga ungeweza kuuangamiza msafara mzima. Shanga nyeusi zilipita Ugogo na kukataliwa kwingine. Shanga kubwa zilizoitwa sungomaji zilikuwa na thamani Ujiji na Uguha, ng'ambo ya Tanganyika, lakini njiani hazikumnunulia mtu hata kuku.

Waliokuwa na maarifa hayo ni wafanyabiashara wa Unguja na viongozi wa misafara, na hawakuyapata kwa kuuliza bei peke yake. Shanga si chakula. Ni kitu cha kuvaliwa na kuonekana. Aliyetaka kujua rangi ipi inapanda thamani ilimpasa awaangalie watu wamevaa nini siku ya kujipamba, harusini na ngomani. Kwa maana hiyo mtaalamu wa masoko na mtazamaji wa ngoma walikuwa mtu mmoja karne moja na nusu iliyopita, ingawa hakuna aliyempa cheo.

Fumbo la Lupupa Ngye

Msingi wa taaluma hii kwa upande wa muziki umewekwa karibu kuliko unavyofikiri. Mwaka 1959 na 1960 Mmarekani Alan Merriam aliishi katika kijiji cha Lupupa Ngye, miongoni mwa Wasonge, majirani wa Maniema kwa upande wa kusini-magharibi. Kutokana na kazi hiyo na nyinginezo aliandika *The Anthropology of Music*, kilichotoka 1964, kitabu ambacho wanafunzi wa ethnomuzikolojia wanaendelea kukisoma. Alidai kwamba muziki hauelezeki kwa sauti peke yake. Kuna fikra za watu kuhusu muziki, kuna matendo wanayoyafanya kwa sababu ya fikra hizo, kisha ndipo inakuja sauti tunayoisikia.

Sehemu yenye mafunzo zaidi kwetu ni ile inayohusu hadhi ya wanamuziki. Merriam aliwauliza wanakijiji wanawaonaje. Jibu lilikuwa la dharau: ni wavivu, walevi, wenye madeni, watu usiotaka mwanao awe kama wao. Mtafiti wa haraka angeandika kwamba mahitaji ya muziki ni madogo, akafunga daftari. Merriam akaulizia jambo jingine: ingekuwaje kijiji kikikaa bila wanamuziki? Hapo watu walewale walishtuka. Maisha yasingevumilika; wazo lenyewe halikuwaingia akilini.

Fumbo hilo linabeba taaluma nzima. Swali la kwanza lilipima heshima, la pili likapima uhitaji, na vitu hivyo viwili vinaweza kuelekea pande tofauti kabisa. Kampuni inayouza sabuni, shirika linalohimiza chanjo na redio inayotafuta wasikilizaji vyote hukumbana na jambo hilohilo. Watu hukisifu kitu wasichokinunua na hukisema vibaya kitu wasichoweza kukikosa. Ndiyo maana dodoso lisilo na mtazamaji pembeni yake ni ushahidi wa upande mmoja.

Sahani, gitaa na vidonge vya kichwa

Biashara ililijua hilo mapema kuliko vyuo. Mwaka 1928 kampuni ya HMV iliwapeleka mwimbaji Siti binti Saad na wenzake wa Unguja hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na mauzo yakawathibitishia wazungu kwamba kuna wanunuzi wanaotaka kuisikia lugha yao wenyewe kwenye gramafoni. Afrika Kusini, kampuni ya Gallo ilimfadhili Hugh Tracey kuanzia 1947 akusanye muziki wa Waafrika. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki huo, ambayo watafiti wanaitumia hadi leo. Pesa za soko zililipia kumbukumbu za kitaaluma. Mwaka 1952, huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, Tracey alirekodi gitaa la Mwenda Jean Bosco, na wimbo "Masanga" ukamfanya kijana huyo kuwa maarufu mbali na Katanga.

Hatua iliyofuata inatuhusu moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani na matangazo aliyekuwa na High Fidelity Productions jijini Nairobi, aliwaleta Bosco na Edouard Masengo, Wakatanga wote wawili, kufanya kazi Afrika Mashariki. Walipiga majukwaani, na gitaa la Bosco likatumika pia kutangaza vidonge vya Aspro. Kiswahili chao kilikuwa cha Kongo, si cha Mombasa wala Unguja, na wasikilizaji walikitambua kuwa cha wageni. Hata hivyo kilieleweka na wapagazi, makarani na wapishi waliotoka makabila tofauti, na mtindo wao wa kupiga gitaa ukawa na mvuto wa mjini. Kuchagua sauti iliyo ngeni kiasi na ya karibu kiasi ni uamuzi wa kitafiti, hata kama aliyeufanya aliutegemea mwonjo wake.

Kongo yenyewe imeendeleza mbinu hiyo kwa njia zake. Viwanda vya bia, Bralima na Primus yake, Bracongo na Skol yake, vimekuwa wafadhili wakubwa wa rumba. Kisha ipo desturi ya libanga, ambapo mwanamuziki hulitaja jina la mfadhili ndani ya wimbo, naye mfadhili hulipia heshima hiyo. Lakini ichukue rumba hiyo yenye jina la bia uipeleke Kasongo, penye misikiti na madrasa kila mtaa. Wapo watakaoicheza na kuliacha tangazo lipite. Wapo watakaoizima. Na wapo vijana wa Kiislamu watakaoicheza harusini na kukana kesho yake. Takwimu za Kinshasa hazitakusaidia hapo. Itakubidi uende ukaone.

Rafu iliyotengenezewa jina

Majira ya joto ya 1987 wawakilishi wa kampuni ndogo za muziki walikutana katika baa iitwayo Empress of Russia jijini London. Walikuwa na tatizo la dukani: sahani kutoka Mali, Bulgaria au Tanzania hazikuwa na rafu, na mteja hakujua azitafute wapi. Wakakubaliana kutumia jina moja, "world music", wakachangia fedha za kulitangaza. Vyuo vya Marekani vilikuwa vikilitumia jina hilo kabla yao, lakini kuanzia hapo likawa kundi la bidhaa.

Mmoja wa waliopangwa kwenye rafu hiyo alikuwa mtoto wa Maniema. Ramazani Mtoro Ongala, tunayemjua kama Remmy Ongala, alizaliwa Kindu mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. WOMAD, tamasha lililoasisiwa na Peter Gabriel na wenzake, lilimpeleka Ulaya, na albamu yake *Songs for the Poor Man* ikatolewa na Real World mwaka 1989. Ulaya alikuwa sauti ya Afrika yenye magitaa matamu. Manzese, mtaa wa Dar es Salaam, alikuwa Dokta Remmy, msemaji wa wanyonge. Alipotoa "Mambo kwa Soksi", wimbo uliozungumzia kondomu wakati wa janga la UKIMWI, Radio Tanzania haikuupiga, lakini watu waliupata kwa njia nyingine na kuujua.

Mtafiti ajifunze mambo mawili hapo. Kwanza, kundi la soko ni jina lililobuniwa na muuzaji. Halielezi muziki wenyewe, linaeleza mnunuzi aliyekusudiwa. Usiende Kabambare na rafu ya London kichwani. Pili, chombo rasmi cha kupimia, iwe redio ya taifa au orodha ya mauzo, kinaweza kukosa kabisa kitu ambacho mtaa mzima unakiimba.

Kuuliza na kutazama

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe. Tuseme umetumwa kujua vijana wa Kasongo wanasikiliza nini na wanalipia nini. Usianze kwa kuuliza "Unapenda muziki gani?" Swali hilo huzaa majibu ya adabu: mbele ya shehe utaambiwa kaswida, mbele ya padre kwaya, mbele ya mgeni wa Kinshasa rumba. Uliza tendo la karibuni. Mara ya mwisho ulimpa pesa nani aliyekuwa akiimba au kupiga ngoma? Ilikuwa shughuli gani? Nani mwingine alitoa? Mara ya mwisho uliingiza nyimbo kwenye simu, nani alikuwekea, na ulimlipa nini? Maswali ya namna hiyo yana tarehe, watu na kiasi ndani yake, na mhojiwa hahitaji kujipamba.

Fikiria pia siku. Soko la siku ya gulio lina wanawake wengi waliotoka vijijini. Ukihoji siku hiyo tu, wakazi wa mjini watapungua kwenye sampuli yako. Ukienda Salamabila baada ya wachimbaji kupata, utadhani watu wote ni matajiri na wote wanacheza. Mwezi wa Ramadhani hubadili saa za biashara na aina ya sauti zinazoruhusika. Msimu wa mvua hukata barabara na kupandisha bei, nayo shughuli nyingi za familia husubiri mavuno.

Dodoso liandikwe kwa Kiswahili cha mahali hapo, kisha lijaribiwe na wazee, akina mama na vijana kabla ya kutumika. Usilete karatasi iliyotungwa Dar es Salaam ukadhani lugha ni ileile. Wahoji wawe wanawake na wanaume, na wawepo wanaomudu Kibangubangu au Kizimba, maana bibi aliyezeeka shambani atakujibu kwa Kiswahili kwa heshima tu, akiyaacha ya moyoni.

Ngomani, weka karatasi chini kwa muda. Tazama nani anaingia duarani wa kwanza na nani anasubiri aitwe. Tazama wimbo upi unawaleta wazee, na upi unawatoa. Anayetuza anafanya hivyo mbele ya nani? Noti inabandikwa kwenye paji la uso, inawekwa mkononi au inatumwa kwa simu? Kutuza hadharani ni matumizi ya pesa, ni tangazo la mtoaji, na ni kura kwa mpigaji. Dodoso la matumizi ya kaya kwa kawaida halina hata mstari wa kuyaandika hayo. Mwili nao una taarifa zake. Vijana wa Kibangubangu wakichanganya hatua za ngoma ya ukoo na za ndombolo, dansi ya vijana wa Kinshasa, wanakueleza mpaka wao wa kisasa na wa asili uko wapi, jambo ambalo wengi wao wasingeweza kulitamka wakiulizwa.

Adabu ya kazi

Ardhi hii imeandikwa na wageni kwa muda mrefu. Mmisionari na msafiri David Livingstone alikaa Kabambare, aliyoiita Bambarre, kwa miezi mingi kati ya 1869 na 1871. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti kwa wino wa mbegu za mmea. Alipofika Nyangwe alivutiwa na soko lililojaa wanawake, akahudhuria, akahesabu watu, akaorodhesha bidhaa. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni kukiwa na watu wapatao 1,500, watu wa wafanyabiashara wa pwani waliufyatulia risasi umati huo. Livingstone aliandika makadirio ya waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Daftari lake la magazeti lilisomwa upya kwa teknolojia ya picha na kuchapishwa mtandaoni mwaka 2011. Kulilinganisha na kitabu cha shajara zake kilichotoka 1874 kumeonyesha kwamba maelezo ya siku ile yalibadilishwa yalipoandikwa upya, yakiwemo yaliyogusa mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Tunza daftari lako la kwanza, basi, hata lile linalokuaibisha. Ripoti nadhifu si ushahidi. Ni tafsiri ya ushahidi.

Miaka ya 1970 na 1980 Kasongo ikawa tena mahali pa kuhesabiwa, safari hii kwa nia njema. Mradi wa afya ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ulifuatilia familia na watoto, na utafiti wake kuhusu chanjo ya surua ulichapishwa katika *The Lancet* mwaka 1981. Jina la Kasongo linajulikana kwa madaktari duniani ambao hawajui hata mji wenyewe uko upande gani wa Lualaba. Kwa hiyo unapobisha hodi, usifikiri wewe ni mgeni wa kwanza mwenye kalamu. Eleza umetumwa na nani, majibu yataenda wapi, na nani atafaidika. Ukirekodi wimbo, omba ruhusa ya mwimbaji na ya wenye wimbo, kwa kuwa nyimbo za jando, za maombolezo au za tarika zina wenyewe hata kama zinasikika na kila apitaye. Ukiahidi kurudisha nakala, rudisha. Na mahali ambapo usalama ni mdogo, usikusanye majina usiyoweza kuyalinda.

Kazi zilizopo na pa kuanzia

Utaulizwa nyumbani: kazi hii inalipa wapi? Redio zinahitaji kuwajua wasikilizaji wake. Radio Okapi, iliyoanza 2002, hutangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo, na kila lugha ina saa zake na watu wake. Kampuni za simu, miradi ya afya na mashirika ya misaada hulipia utafiti wa walaji na wasikilizaji. Matamasha kama Sauti za Busara la Unguja, lililoanza 2004, huhitaji watu wanaoweza kumweleza mfadhili ni nani anayekuja na kwa nini. Kisangani, mcheza dansi Faustin Linyekula na Studios Kabako wameonyesha kwamba kazi ya kiwango cha dunia inaweza kufanywa mbali na mji mkuu. Na tangu rumba ya Kongo iingie kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2021, kuna haja ya watu wa kuuliza urithi huo unaonekanaje kutoka Kasongo, ambako Kilingala ni lugha ya nyimbo kuliko ya nyumbani.

Zoezi la kwanza tunalokupa ni dogo. Chagua watu kumi unaoweza kuwapata sokoni na pia kwenye shughuli moja, harusi au maulidi, ndani ya juma lilelile. Sokoni wahoji kuhusu matumizi yao na muziki wanaoupenda. Kwenye shughuli usiwahoji. Waangalie, uandike walichotoa, walichocheza na walichokikalia kimya. Andika taarifa mbili mbalimbali bila kuchungulia ya kwanza unapoandika ya pili. Kisha ziweke pamoja. Zikilingana, una takwimu. Zisipolingana, usifute hata moja ili ripoti ipendeze. Rudi kwa watu walewale uwaulize kuhusu ile tofauti, kwa kuwa hapo ndipo utafiti wako unapoanza.